Mvua Ikifika Kambu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kazini

Kambu haina theluji. Mwezi wa Julai, wakati watu wa Limuru wamejitanda makoti na mablanketi, sisi wa barabara ya Mombasa, hapa kati ya Kibwezi na Mtito Andei, tuna upepo na vumbi tu. Msimu wetu wa kuanguka huja baadaye: mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, zile ambazo Wakamba huziita nthwa, halafu zile za masika kuanzia Machi hadi Mei. Mkulima wa Ukambani hutegemea zaidi za vuli na huzisubiri kwa hamu. Asubuhi ya mvua ya kwanza soko zima linacheka. Kufikia saa nne, kuna mtu ameketi kwenye ngazi za duka ameshika kiwiko.

Masharti yanayofuata ni ya mwenye hoteli, mwenye buchari, fundi wa gereji, msimamizi wa mjengo, dereva na turnboi wake, na kibarua anayelipwa kwa siku. Hayakuandikwa kwa kubembeleza.

La kwanza: usiseme "ajali haina kinga". Methali hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake si kando ya mtu aliyeteleza kwenye mafuta uliyoyaona tangu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani. Kati ya ajali zote, ni ajali za barabarani pekee zinazoua zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wengi wa waliokufa hawakuanguka kutoka ghorofani wala hawakuandikwa gazetini.

La pili: usijifiche nyuma ya udogo wa biashara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, awe ameajiriwa kwa kudumu au ni wa muda. Kibanda cha chapati chenye msichana mmoja wa kupika ni mahali pa kazi. Lori ni mahali pa kazi. Kamati ya usalama ndiyo hudaiwa kwa wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Wajibu wa kumlinda mtu wako hauna idadi.

Kabla ya tone la kwanza

Idara ya Hali ya Anga hutoa utabiri wa msimu wa vuli kabla ya Oktoba, na redio husoma. Sikiliza. Kisha fanya kazi hizi jua likiwa bado linawaka, kwa sababu mvua ikishaanza hutazifanya.

Kwangua mafuta. Utelezi mbaya kuliko wote ni wa ile mvua ya kwanza, wala si wa zile za katikati ya msimu. Kwa miezi kadhaa dizeli, oili ya injini, mpira wa magurudumu na vumbi vimekuwa vikishikamana mbele ya gereji, kwenye stesheni ya mafuta na pale malori yanapoegesha. Matone ya mwanzo hayana nguvu ya kuviosha. Huviinua tu na kuvigeuza utando mwembamba juu ya lami na saruji. Chukua sepetu na vumbi la mbao mwezi wa Septemba, ukwangue, uzoe, uweke kwenye pipa. Usisukumie mtaroni. Watu wa Mto Thange, majirani zetu hapa, walipata taabu ya kutosha mwaka 2015 bomba la mafuta lilipovuja. Hawahitaji ya gereji yako.

Tazama paa lako. Kama maji ya mabati yanamwagikia kwenye ngazi za kuingilia, umejitengenezea mtego kwa mikono yako. Funga gata, uelekeze maji kwenye tangi. Sielewi mfanyabiashara wa Kambu ambaye Agosti ananunua maji kwa mtungi, kisha Novemba anayaacha yale ya bure yaanguke mlangoni pake yamwangushe mteja.

Zibua mtaro. Jaza mashimo ya njia ya chooni kwa kokoto, kwa kuwa njia hiyo hupitwa na kila mfanyakazi mara nyingi kwa siku na hakuna anayeihesabu kuwa sehemu ya kazi. Weka taa huko pia. Anayefungua hoteli saa kumi alfajiri ili mabasi ya usiku yakute chai haoni tope, analikanyaga tu.

Mlangoni na sakafuni

Usitandike katoni mlangoni. Najua kila duka hufanya hivyo. Katoni ikilowa huwa laini chini na juu, na ikiwa juu ya taili hukimbia na mguu wa mtu. Gunia lililokunjwa nalo hukwaza. Weka mkeka mzito wa mpira usiohama, au wavu wa chuma wa kukwangulia tope nje kabla mtu hajaingia. Tope lisiloingia ndani halihitaji kupigwa deki.

Usiweke taili zinazong'aa nje, hata kama fundi amekwambia ni za kisasa. Veranda na ngazi za nje zinataka saruji yenye ukwaru: kabla haijakauka, pitisha ufagio juu yake iache mistari. Niru iliyolainishwa ikapakwa rangi nyekundu na polishi inapendeza sana wakati wa kiangazi. Kwenye mvua, ikwaruze au uifunike.

Ngazi zote ziwe na kimo kimoja. Mguu wa binadamu huzoea kimo cha ngazi ya kwanza na kukitarajia hicho hicho kwenye ya pili. Ukimpa fupi, atajikwaa. Paka ukingo wa kila ngazi rangi nyeupe au ya manjano.

Usimwage maji ya kuoshea vyombo mbele ya mlango. Hii ni tabia ya kiangazi, ya kutuliza vumbi, nami naielewa. Lakini sabuni na mafuta hubaki pale siku baada ya siku, ardhi ikashiba, na mvua ikija pale pa kutulizia vumbi panakuwa pa kuvunjia kiuno.

Ukipiga deki, kausha. Deki ya maji mengi iliyoachwa ijikaushe yenyewe wakati wateja wa basi wanashuka ni uzembe, wala usiite usafi. Piga nusu ya sakafu, iache nusu nyingine kavu ya kupitia. Na mtu mmoja asimame pale. Kibao cha onyo hakimshiki mtu mkono.

Mchanga ndio chumvi yetu. Nchi za baridi humwaga chumvi na kokoto barabarani. Sisi tumezungukwa na mito ya msimu iliyojaa mchanga. Weka ndoo ya mchanga mkavu, ule wa chembe kubwa, kando ya kila mlango wa nje, na umwage kila tope linapolainika. Usitumie jivu. Jivu likilowa huwa uji.

Jikoni na buchari

Mafuta yaliyomwagika hufutwa wakati huo huo, na aliyeyamwaga. Hakuna "nitakuja". Maji baridi hayaondoi mafuta, huyatembeza. Tumia maji moto na sabuni, kisha kitambaa kikavu.

Sufuria kubwa ya supu hubebwa na watu wawili, njia ikiwa imeondolewa ndoo, mitungi na watoto. Anayeteleza na sufuria ya moto hudhurika mara mbili, kwa kuanguka na kwa kuungua, na la pili ni baya zaidi. Kama sakafu imelowa, supu isubiri.

Usikimbie jikoni. Basi likisimama kwa dakika kumi na abiria arobaini wanataka chai, atakayekimbia ni mhudumu wa miaka ishirini mwenye trei ya vikombe. Mwenye hoteli, kosa si lake. Ni lako, wewe unayemfokea kutoka kaunta.

Kwenye buchari, sakafu iwe na mteremko unaopeleka maji na damu kwenye tundu, na tundu liwe wazi. Vumbi la mbao usilete hapo. Ni uchafu juu ya utelezi.

Viatu

Patipati ni za nyumbani. Kroksi zilizolika soli, hali kadhalika. Akala ni kiatu cha heshima katika nchi hii na kimetembea mbali, lakini akala iliyokatwa kwenye gurudumu lililokwisha kipara haishiki kwenye saruji yenye maji.

Mwajiri, sheria ya 2007 inataja wazi wafanyakazi walio katika kazi ya majimaji: uwape mavazi ya kujikinga yanayofaa, viatu vikiwamo. Uwape, si uwauzie. Ukikata bei ya gambuti kwenye mshahara wa mtu umevunja sheria, hata kama alikubali kwa mdomo, kwa sababu aliyekubali alikuwa anaogopa kupoteza kazi.

Na wewe uliyepewa, vaa. Gambuti zilizotundikwa ukutani hazijamkinga mtu yeyote. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi atumie vifaa alivyopewa na amwambie msimamizi wake anapoona hatari.

Juu ya lori

Hapa nitakaa kidogo, maana Kambu ni mji wa barabara, na barabara ni malori.

Turnboi haruki. Hili liandikwe ndani ya mlango wa kila trela. Kijana anaruka kutoka kwenye bodi hadi chini mara nyingi kwa siku, kiangazi chote, na hafikwi na lolote. Siku ya mvua anatua kwenye tope juu ya lami, mguu mmoja unaenda na mwingine unabaki. Goti la namna hiyo halirudi kama lilivyokuwa.

Panda na kushuka ukiangalia gari, uso kwa bodi, wala si mgongo. Kila wakati viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Kwa hiyo mkono hauwezi kuwa na simu, thamosi, wala mfuko wa nyama. Mpe mtu aliye chini, au kiache ndani ushuke kwanza.

Usishike mlango wala usukani kama ndio nguzo, vinazunguka. Futa tope kwenye soli kabla ya kukanyaga kibao cha kupandia, na kibao chenyewe kifutwe. Kilicholika kipigwe vibati vyenye ukwaru.

Turubai hufungwa kabla ya mvua, ukiwa bado Mlolongo au Voi, si mvua ikikukuta hapa na magunia yakianza kulowa. Kutembea juu ya turubai lililolowa, gizani, upepo wa Chyulu ukivuma, kwa ajili ya kuokoa saruji ya tajiri, ni jambo ambalo dereva ana haki ya kulikataa. Tajiri ana bima ya mzigo. Turnboi wako mara nyingi hana mkataba hata wa karatasi moja. Kama ni lazima, vuta turubai ukiwa chini kwa kamba ndefu, au uegeshe lori chini ya paa la stesheni.

Tanki la mafuta lina ngazi ya nyuma na njia ya juu. Usipande bila sababu, usipande peke yako, usipande na mvua.

Kwenye mjengo, na kwenye mwembe

Ngazi ya mbao iliyopigwa misumari jana si ngazi mpaka mtu aijaribu chini. Iegemeze hivi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake ukae mita 1 mbali na ukuta. Ipite ukingo unaoupandia kwa mita moja hivi, upate pa kushika. Miguu yake isiwekwe juu ya tope wala juu ya tofali; weka ubao mpana, na mtu aishike. Jukwaa la miti lililonyeshewa usiku likaguliwe kila kamba na kila msumari kabla ya fundi wa kwanza kupanda, kwa maana mti uliolowa huvimba, ukikauka hunywea, na kilichokuwa kimekaza jana kimelegea leo.

Usitembee juu ya mabati yenye maji. Subiri yakauke. Fundi anayesema amezoea ni yule ambaye hajaanguka bado.

Shimo lolote, la msingi, la choo au la tangi, lizungushiwe miti na utepe. Mvua ikilijaza maji, huonekana kama dimbwi la kawaida, na kibarua mwenye karai kichwani haangalii chini.

Sasa miembe. Makueni ni kaunti ya maembe, na mavuno huangukia wakati magome ya miti yamelowa. Usipande mwembe asubuhi ya mvua. Tumia upembo mrefu wenye mfuko mwishoni. Embe lisiloanguka pia halipondeki, na mnunuzi hulipa zaidi. Miti mipya ikatwe matawi mapema ibaki mifupi. Usimpandishe mtoto wa shule kwa kuwa ni mwepesi. Sina la kuongeza hapo.

Njiani kwenda kazini

Wachuuzi wa kando ya barabara wana mazoea ya kukimbilia basi kabla halijasimama. Wakati wa mvua, usikimbie na karai la matunda ukingoni mwa lami. Ukiteleza huanguki tu, unaangukia magurudumuni. Simama nyuma ya ukingo, gari lisimame kabisa, ndipo usogee. Mwenzako atauza kabla yako; na auze.

Usivuke mto uliojaa ili uwahi kazini. Mito yetu hukaa mikavu miezi mingi, ndiyo maana watu huidharau. Tarehe 4 Desemba 2021, kule Mwingi, kaunti jirani ya Kitui, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji ya Mto Enziu watu wakitazama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dereva aliona maji kama mimi na wewe tunavyoyaona. Mwajiri, aliyepiga simu kusema mto umejaa, mwambie abaki ng'ambo, na usimkate siku yake. Ukimkata mara moja, mara ya pili hatapiga simu. Atavuka.

Mtu akishaanguka

Usimvute kumsimamisha. Huruma yetu hutufanya tumkimbilie wawili, mmoja kila kwapa, "inuka, inuka". Mwache kwanza. Muulize panapouma. Akisema shingo au mgongo, au hahisi miguu, asiguswe wala kugeuzwa mpaka wahudumu wafike; mfunike asipate baridi. Nambari ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Usimkande. Usimpeleke kwanza kwa mtu wa kuvuta mifupa. Mkono uliopinda ufungwe kwenye ubao au gazeti lililokunjwa, kama ulivyo, bila kunyooshwa, kisha hospitali: hapa Kambu, au Makindu. Aliyepiga kichwa, hata kama anacheka na kuomba chai, asiachwe peke yake siku hiyo. Akitapika, akisinzia ovyo au akianza kuchanganya maneno, asingoje asubuhi.

Usafiri wa kumfikisha hospitali ni juu ya mwajiri, na gharama ya matibabu pia. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007. Usimwambie mtu aliyeumia jikoni kwako atumie bima yake ya afya ya SHA. Anayeshindwa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi kwa sababu ya jeraha hilo ana haki ya kulipwa mapato yake anapougua, hadi miezi 12. Anayelemaa moja kwa moja asiweze tena kazi yoyote, fidia yake hupigwa kwa mapato ya miezi 96. Piga hesabu hiyo, mwenye mjengo, kisha uipime na bei ya ngazi nzuri. Sheria pia inakudai uwe na bima ya wafanyakazi wako.

Mwajiri, ukishaambiwa, unazo siku 7 za kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Mtu akifa, ni saa 24. Usimlipe aliyeumia shilingi elfu mbili na soda ili anyamaze.

Nawe uliyeanguka, sema siku hiyo hiyo, kwa mdomo au kwa maandishi, hata kama unaona aibu kwamba watu walicheka. Maandishi ni bora. Taja saa, mahali, kilichokuwa sakafuni, na aliyeona. Piga picha kabla hawajapiga deki. Usikimbilie wakili kwanza: madai huanzia kwa Mkurugenzi, na Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo ya fidia mwaka 2019; mahakama ya kazi ni ya rufaa. Una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Kibarua asiye na barua ya kuajiriwa naye ni mfanyakazi, kwa hiyo tunza ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulivyokuwa ukilipwa, na kila karatasi ya hospitali itolewe nakala, asili ibaki kwako.